Meli Haigeuki kwa Kubonyeza

Ndugu waandishi wenzangu, leo nimekuja kugombana. Sigombani na mhariri, wala sigombani na wazee ambao kila toleo tunawalaumu kwamba wametubania nafasi. Nagombana na sisi vijana tunaojiita waandishi, na katika foleni ya kuchapwa mimi ndiye wa kwanza.

Chanzo cha yote ni gemu. Hapa Izigo tunacho kijiwe chetu kando ya barabara iendayo Muleba. Binamu yangu anayesoma Mwanza akija likizo huja na kompyuta yake, na ndani yake umo mchezo wa vita uitwao Hearts of Iron IV, uliotolewa na kampuni ya Paradox ya Sweden mwaka 2016. Mwaka 2019 wakauongezea mambo ya majini katika nyongeza waliyoiita Man the Guns. Tangu hapo mchezaji anaweza kuchukua manowari ya mizinga, akaichora upya, akaipeleka gudini, akasogeza kalenda mbele, na meli ikatoka ikiwa ya kubeba ndege. Umeme ukiwepo tunacheza mpaka jogoo wa kwanza. Mimi kijana wa kidato cha nne, ambaye bahari yenye chumvi sijaiona kwa macho, nimeshageuza manowari kuliko nilivyokunywa chai ya maziwa!

Wapo watakaosema: ndiyo uvivu wenyewe huo, badala ya kupalilia migomba mnacheza vita vya Wazungu. Hapana, jamani. Gemu silitukani. Lenyewe lina haki yake: linakudai chuma, linakudai siku za gudini, na meli uliyoigeuza hailingani na ile iliyojengwa tangu mwanzo kubeba ndege. Ubaya unaanza pale kitufe kile cha gemu kinapohamia kwenye daftari la mwandishi.

Sikilizeni yaliyonikuta. Nilimaliza sura ya nne ya riwaya yangu. Mhusika wangu ni mvuvi. Anavua kwa kokoro, anaiba nyavu za wenzake, anampiga mkewe. Usiku mmoja dhoruba inampiga ziwani, anaona radi, analia, na kulipopambazuka amekuwa mtu mwema. Anauacha uvuvi haramu, mtumbwi wake mkubwa anaupandishia ghorofa, anaanza kusafirisha abiria kwenda visiwani. Niliisoma kijiweni. Washikaji wakapiga makofi. Mmoja akasema, "Mzee, hii ni noma, peleka kwa mchapishaji."

Nikavimba kichwa. Kesho yake nikaenda mwaloni Kemondo, kwa mzee mmoja fundi mitumbwi ambaye huniruhusu kukaa kivulini pake nikiandika. Nikamsomea na yeye. Aliendelea kuziba nyufa kwa pamba, nikadhani hasikii. Nilipomaliza akaniambia:

"Mwanangu, rudia pale alipopandisha ghorofa."

Nikarudia.

"Uzito wa juu ameuongeza. Wa chini ameuongeza lini?"

"Mzee, hiyo ni hadithi tu."

"Sawa, ni hadithi. Farumi yake iko wapi? Na huyo mke aliyekuwa anapigwa, yeye alimsamehe lini? Mbona sijamsikia akisema neno?"

Sikuwa na jibu, waitu. Ndipo akaniambia kitu ambacho kwa miaka yote niliyokaa kivulini pake hakuwahi kukitaja. Dada yake alipanda MV Bukoba.

Sina haja ya kuwaeleza wa huku MV Bukoba ni nini. Kwa wa mbali, nitasema kwa ufupi. Meli ile ilitoka Bukoba, ikapakia na hapo Kemondo, ikaenda Mwanza usiku. Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, ikiwa imekaribia kabisa kufika, ikapinduka. Walikufa watu zaidi ya 800. Meli ilikuwa imezidisha, na mizani yake ilikuwa na kasoro. Wengi waliokuwemo hawakuwamo kwenye orodha yoyote, hivyo hata kuwahesabu ikawa kazi. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Lakini tarehe 20 Septemba 2018 nilikuwa nimeshazaliwa, na akili zangu timamu, ilipopinduka MV Nyerere karibu na Ukara, wakafa watu 228. Halafu mimi, mtoto wa ziwa hili, naandika mtumbwi umepandishwa ghorofa kwa sentensi moja na abiria wakafika salama! Yule mzee hakunikasirikia. Angenikasirikia ingekuwa nafuu.

Tangu siku ile nilianza kusoma habari za hizo manowari tunazozigeuza usiku. Na hapa ndipo hoja yangu ilipo.

Chukueni HMS Furious ya Uingereza. Ilitengenezwa iwe na mizinga miwili mikubwa mno, ya inchi 18, mmoja mbele na mmoja nyuma. Mwaka 1917 wakautoa wa mbele wakaweka sitaha ya kurushia ndege. Wa nyuma wakauacha. Tarehe 2 Agosti 1917 rubani Edwin Dunning akawa mtu wa kwanza kutua na ndege juu ya meli inayokwenda. Siku tano baadaye akajaribu tena, akafa. Wakautoa na mzinga wa nyuma, wakaweka sitaha ya kutulia. Bado haikufaa, kwa sababu bomba la moshi na majengo ya nahodha yalibaki katikati, na upepo uliokuwa ukipinda pale ulizipiga ndege zikashindwa kutua. Ikabidi meli irudi gudini mwaka 1921, ifumuliwe, iwekwe sitaha moja safi, na kazi hiyo ikaisha 1925. Hesabuni wenyewe: miaka minane, na mtu amekufa, ili meli moja iache kuwa kitu kimoja na kuwa kingine.

Wajapani nao, baada ya kupoteza meli zao nne za kubeba ndege huko Midway mwezi Juni 1942, walikuwa na haraka. Manowari mbili, Ise na Hyuga, wakazing'oa mizinga ya nyuma wakaweka sitaha ya ndege. Mbele zikabaki manowari za kawaida. Zilipokwenda kwenye vita vya Leyte mwezi Oktoba 1944, ndege zenyewe hazikuwemo. Nyingine ni Shinano, iliyoanzwa iwe manowari kubwa ya mizinga kama Yamato, ikageuzwa ikiwa bado inajengwa. Iliingia kazini tarehe 19 Novemba 1944. Tarehe 29 mwezi ule ule nyambizi ya Marekani ikaipiga kwa torpedo nne, ikazama na watu zaidi ya 1,400. Siku kumi tu! Milango na mabomba mengine ya kuzuia maji yalikuwa hayajakamilika, kwa sababu wakubwa walitaka itoke gudini upesi.

Na lile swali la fundi wangu, la uzito wa juu na wa chini, Wajapani hao hao waliulizwa na bahari mwaka 1934. Tarehe 12 Machi, chombo chao kidogo cha vita, Tomozuru, kilichobebeshwa silaha nyingi kuliko umbo lake, kilipinduka katika dhoruba wakafa karibu mabaharia wote. Hapo wakashtuka, wakaanza kuzikagua meli nyingine, na Ryujo, meli ya kubeba ndege iliyokuwa na kichwa kizito, ikarudishwa gudini kuongezewa uzito chini. Kumbe amiri wa Japani na fundi wa Kemondo wanasoma kitabu kimoja.

Sasa nawauliza, waandishi wenzangu: hadithi zetu zimejaa nini kama si hicho kitufe? Changudoa anaingia kanisani ukurasa wa 60, ukurasa wa 61 ni mama mchungaji. Jambazi anapigwa risasi ya mguu, akitoka hospitali ni mwenyekiti wa kijiji. Baba mlevi anaota ndoto, asubuhi anamwaga lubisi yote na kuwalipia watoto ada. Kubonyeza tu! Tunang'oa mizinga ya mbele, ya nyuma tunaisahau, halafu tunashangaa ndege hazitui. Mtu aliyekuwa mwovu miaka 20 anabaki na mazoea yake, na madeni, na watu aliowaumiza ambao bado wako pale pale jirani wanamtazama. Huo ndio uzito wake. Usipouandika, msomaji anaona kitabu kinayumba, hata kama hajui kwa nini.

Najua jibu lenu, maana kijiweni nimelisikia. Mnasema msomaji wa mjini hana muda, anasoma ndani ya daladala, anataka mambo yaende haraka. Mnasema pia kwamba riwaya siyo uhandisi. Nakubali haraka ya msomaji. Ila mbona msomaji huyo huyo anakaa usiku kucha kwenye gemu akingoja chelezo imalize meli? Anangoja kwa sababu anaamini kuna kitu kinajengwa. Haraka yake tunaisingizia. Wavivu ni sisi, kwa sababu kumwandikia mke wa mvuvi sura nzima ya kukataa kusamehe ni kazi ngumu kuliko kuandika radi.

Wengine mnasema: hayo ya manowari ni ya Wazungu na Wajapani, huku kwetu kuna nini? Hapa ndipo nachoka kabisa. Meli iliyogeuzwa mara nyingi kuliko yoyote ninayoijua iko katika nchi hii hii! Wajerumani walimleta Graf von Götzen vipande vipande katika maelfu ya makasha, wakamuunganisha Kigoma, akashushwa Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Wakamvika mzinga uliotoka kwenye manowari Königsberg, ile iliyoangamia mtoni Rufiji tarehe 11 Julai 1915 baada ya ndege zilizoruka kutoka Mafia kuwaelekeza wapiga mizinga wa Waingereza. Mwezi Julai 1916 Wajerumani wakamzamisha wenyewe, lakini mafundi wao kwanza wakazipaka injini grisi ili zisioze. Mwaka 1924 Waingereza wakamwibua, na mwaka 1927 akaanza tena kazi kwa jina la Liemba, akabeba abiria na dagaa kwa miongo mingi. Miaka 11 ilipita toka chombo cha vita mpaka chombo cha abiria, na mingi kati ya hiyo ilikuwa chini ya maji. Nani kati yetu amemwandika yule fundi aliyepaka grisi injini ambayo alijua hataiwasha tena?

Au njooni huku kwetu. Meli za Reli ya Uganda, kama Winifred na Nyanza, ambazo kazi yake ilikuwa abiria na mizigo, ziliingizwa vitani, na tarehe 22 na 23 Juni 1915 kikosi kilichosafiri kwa meli kutoka Kisumu kilishuka kikaipiga Bukoba, kikavunja mtambo wa redio wa Wajerumani, na mji ukaporwa. Walioporwa walikuwa babu zetu. Majina ya meli nimeyapata. Majina ya walioporwa sijayapata, na hiyo ndiyo kazi ya mwandishi, bwana, siyo ya gemu. Kwenye gemu mabaharia ni tarakimu. Meli ikizama tarakimu inapungua, unaagiza nyingine. Daraja la tatu la MV Bukoba lilihesabiwa vibaya kuliko hivyo. Kama na sisi tutawaandika watu wetu kama tarakimu zinazogeuka mwema kwa mwovu, mwovu kwa mwema, tutakuwa tumewazamisha mara ya pili.

Kwa hiyo nashauri mambo mawili. La kwanza, mwandishi anayetaka kumgeuza mhusika wake aseme kimeondolewa nini, kimewekwa nini mahali pake, imechukua muda gani na nani aliyelipa. La pili, kabla ya kupeleka sura kijiweni kwa wanaopiga makofi, ipelekwe kwanza kwa mtu mmoja anayekijua kile kilichoandikwa: fundi, mkunga, mvuvi, mjane. Kijiwe kinapenda mtu. Fundi anatazama mtumbwi.

Mimi sura yangu ya nne nimeichana. Naiandika upya, sasa inafika kurasa 40 na mvuvi bado hajawa mwema. Mkewe amekwishasema, na aliyoyasema siyo mazuri. Ghorofa ya mtumbwi bado haijapanda. Nimeambiwa nirudi mwaloni Jumamosi nikaonyeshwa mawe yanavyopangwa chini kabla ya mbao za juu. Gemu bado nacheza, siwadanganyi.

Anayebisha aandike, kurasa zipo. Naomba kutoa hoja.