Kurudi nyumbani si kupoteza foleni

WATAALAMU wengi wa kompyuta kutoka India wanaendelea kung'ang'ania Marekani wakiamini kwamba atakayerudi kwao atapoteza nafasi katika foleni ya kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu. Hofu hiyo inawagharimu.

Kwa mwaka, Marekani hutenga kadi zipatazo 140,000 kwa wafanyakazi na familia zao, na kwa kawaida nchi moja haipewi zaidi ya asilimia 7. Ndiyo maana Wahindi, walio wengi, husubiri kwa miaka.

Hata hivyo, ombi la mwajiri likishaidhinishwa, tarehe ya foleni hubaki ya mfanyakazi popote aishipo, isipokuwa idhini ifutwe kwa sababu kama udanganyifu. Kadi hiyo ni ya kazi ijayo, si ya kazi ya leo. Anaweza kufungua kampuni Bengaluru, na zamu ikifika akahojiwa katika ubalozi mdogo wa Marekani nchini mwake.

Lakini tarehe pekee haitoshi. Siku hiyo lazima awepo mwajiri anayemhitaji. Wa zamani akijitoa, mwajiri mpya huwasilisha ombi jipya, nalo hubeba tarehe ile ile.

Kwa hiyo, mwenye mtaji na wazo la biashara atunze nakala ya idhini yake, adumishe uhusiano na waajiri, kisha arudi akawekeze. Foleni itasogea, umri wa kujenga biashara haumsubiri mtu.