"Nina Mafuta Tu, Sina Sukari"

Hapa Gungu kuna msemo unaoniudhi kuliko kelele zote za bodaboda. Mtu akitoka kupimwa, ukimwuliza hali, hukujibu huku akitabasamu: "Nina mafuta tu, sina sukari." Ati ameponea chupuchupu! Mimi nauita msemo huo uongo unaoua. Rafiki yangu niliyesoma naye chuo cha ualimu aliusema kwa miaka minne, na leo hana mguu wa kulia.

Katika zahanati moja aliambiwa kolesteroli yake imezidi. Sukari hakupimwa, wala yeye hakuuliza. Akarudi nyumbani na kupiga marufuku mawese. Mkewe, aliyepika migebuka kwa mawese tangu usichana wake, akaanza kununua mafuta meupe ya dukani. Baadaye nilipojua kwamba mengi ya mafuta hayo ni mawese yale yale, yaliyoondolewa wekundu wake na kuletwa kwa meli kutoka Malaysia na Indonesia, nilicheka kwa uchungu. Wakati huo chai yake ilibaki na vijiko vinne vya sukari, soda ilikuwa ya kila mchana, na safari ya Mwanga, ambayo zamani tulikwenda kwa miguu, sasa alipanda pikipiki. Kidonda cha kidole ndicho kilichofichua kisukari.

Siyatetei mawese. Karibu nusu ya mafuta yake ni ya aina inayopandisha kolesteroli mbaya, basi na yapunguzwe. Lakini kolesteroli mbaya peke yake siyo inayoleta kisukari cha aina ya pili. Mara nyingi chimbuko ni shahamu inayojilimbikiza tumboni na ndani ya ini. Hapo mwili huacha kuitii vema insulini, ile homoni ya kongosho inayoifungulia sukari mlango wa misuli. Ini nalo, likiwa limeelemewa, humwaga katika damu mafuta yaitwayo trigliseridi, na kolesteroli nzuri hupungua. Hali hiyo huweza kuonekana miaka kadhaa kabla sukari haijapanda. Mwenye karatasi ya namna hiyo hajanusurika hata kidogo. Amekwisha pigiwa hodi. Na sukari ikishaingia, ikaikuta kolesteroli mbaya imemtangulia, huharibu kwa pamoja mishipa ya moyo, ya ubongo na ya miguu.

Lawama nyingine ni yangu. Kwa miaka mingi nikiwa mwalimu mkuu niliwaambia watoto kuwa kisukari ni ugonjwa wa matajiri. Mwaka 1989 Dk. Donald McLarty na wenzake walichapisha uchunguzi wa vijiji sita vya Tanzania, na waliokuwa na kisukari hawakufikia hata mtu 1 katika 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, wa watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta karibu 9 katika 100, na wenye kolesteroli iliyozidi karibu 26 katika 100. Vipimo na umri havikuwa sawa, nakubali. Hata hivyo, hao 9 si mawaziri wala wafanyabiashara wakubwa watupu.

Wauza chupa za "kusafisha mafuta" sokoni sina la kuwaambia, maana wanajua wanachokifanya. Ila wapo wasomi wanaodakia kwamba vidonge vya kolesteroli huleta sukari, hivyo vitupwe. Ni kweli huongeza hatari hiyo kidogo, hasa kwa mtu aliyekwisha fika ukingoni. Lakini kinga yake kwa moyo na ubongo ni kubwa zaidi kwa yule anayevihitaji. Anayetupa vidonge bila kumwuliza daktari anacheza na kiharusi.

Ndugu msomaji, ukiambiwa una mafuta, usitoke pale kabla hujauliza: na sukari je? Ukiambiwa una sukari, uliza mafuta. Muuguzi akikunja uso, mwache akunje.

Kwa mwanaume, kiuno kikifika sentimita 94 huhesabiwa kuwa dalili ya hatari, na kwa mwanamke 80. Juzi niliazima tepu ya jirani yangu fundi cherehani, nikajifungia chumbani kama mwizi. Nilikuta 101. Kesho yake alfajiri, bila kunywa chai, nilikwenda kupimwa vyote viwili, kwa miguu.