Dinari Mbili za Msamaria: Haki ya Wanaouguza Nyumbani



Mfano wa Msamaria mwema twaufahamu sote tangu mafundisho ya Komunyo ya kwanza. Lakini mara nyingi tafakari yetu huishia njiani: kuhani alipita, Mlawi alipita, Msamaria akasimama. Ni wachache wanaoendelea naye hadi kwenye nyumba ya wageni, na hali huko ndiko mgonjwa alikouguzwa. Msamaria hakumwachia mwenye nyumba yule majeruhi kwa maneno ya shukrani tu. Alimpa dinari mbili, akamwahidi kumlipa arudipo gharama yoyote itakayozidi. Bwana wetu aliyetoa mfano huo hakuona kwamba fedha ile ilichafua huruma.

Nakumbusha jambo hili kwa sababu katika wilaya za Mbinga na Nyasa, tangu vilima vya Umatengo hadi Lituhi, Liuli na Mbamba Bay, nyumba za namna ile ni nyingi. Yumo mzee aliyepooza upande mmoja, yumo mtoto asiyeweza kuketi wala kujilisha, yumo mgonjwa wa akili ambaye hawezi kuachwa peke yake. Kando ya kila mmoja wao yupo mtu wa pili ambaye hatajwi katika taarifa yoyote ya kijiji. Mara nyingi ni mke, binti, mkwe au bibi. Huyo ndiye anayeuguza.

Hospitali zetu, kama vile Litembo na Peramiho, na ile ya Liuli ya ndugu zetu Waanglikana, hutibu wengi. Lakini kiharusi, uzee na ulemavu haviishi siku mgonjwa anaporuhusiwa kurudi nyumbani. Siku hiyo ndipo kazi inapoanza kwa yule atakayemgeuza mgonjwa usiku na mchana asipate vidonda, atakayemwogesha, atakayefua nguo zake na kumlisha kijiko kwa kijiko. Ni kazi ya uuguzi kamili, ila haina zamu, haina likizo wala mshahara.

Wapo wasemao kwamba kazi hiyo haigharimu kitu, kwa kuwa hufanyika nyumbani. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tuupime basi mzigo huu kwa kipimo chetu wenyewe. Katika kilimo cha ngoro, kwa desturi ya Umatengo, wanaume hufyeka na kupanga nyasi, nao wanawake huchimba mashimo na kufunika nyasi kwa udongo, kisha maharage hupandwa mvua ikingali ipo. Kazi hiyo haingoji. Mama aliyefungwa kando ya kitanda katika majuma hayo hatachimba ngoro. Na asipochimba, maharage hayapandwi. Na mwaka ujao nyumba itanunua chakula ambacho ingekilima. Kahawa nayo ikiiva, haimngojei mchumaji. Kule ziwani, anayeuguza hawezi kukaa ufukweni kuanika usipa, wala kwenda mbali kuchimba mihogo. Na mama akizidiwa, mzigo humwangukia binti wa shule. Hiyo ndiyo gharama. Hulipwa kila siku, na anayeilipa ni yule asiye na kitu.

Taifa letu halikukosa kuona. Azimio la Arusha la 1967 lilikiri kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi kubwa kupita kiasi. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilitamka kwamba familia ndiyo msingi wa matunzo ya wazee. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 iliweka haki za ndugu zetu walemavu. Mpango wa kunusuru kaya maskini ulioanza 2012 kupitia TASAF ulizifikia kaya nyingi. Haya yote ni mema, na haki yadai tuyashukuru. Hata hivyo, anayeuguza hajapata nafasi yake mwenyewe. Kaya iliandikishwa kwa umaskini wake, na mgonjwa hutambuliwa kwa ugonjwa au ulemavu wake, lakini kazi ya kumtunza haina daftari. Serikali imeikabidhi familia wajibu bila kuikabidhi dinari mbili.

Je, jambo hili lawezekana katika nchi zisizo tajiri? Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mzee aliyetimiza miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza kama alipata kuajiriwa. Kenya iliweka ruzuku ya fedha kwa kaya zenye watu wenye ulemavu mkubwa, wale wasioweza kuishi bila mtu wa kuwatunza saa zote, na mtunzaji huweza kuipokea kwa niaba yao. Fedha hizo si nyingi, lakini zaonyesha kwamba neno hili si ndoto ya Ulaya.

Na hata huko Ulaya haki hii haikushuka kama mana. Nchini Uingereza, mchungaji wa kike aitwaye Mary Webster aliacha utumishi wake ili awatunze wazazi wake. Mwaka 1963 aliandika barua magazetini kueleza hali ya wanawake waliokuwa kama yeye, na majibu yakamjia kwa wingi. Mwaka 1965 kikaundwa chama cha kuwatetea. Posho ya watunzaji ilipoanza kulipwa 1976, wanawake walioolewa walinyimwa, kwa hoja kwamba wao wangekuwa nyumbani hata hivyo. Ikambidi mama mmoja, Jacqueline Drake, aliyeacha kazi ili amtunze mama yake, apeleke shauri hadi Mahakama ya Ulaya, na mwaka 1986 ubaguzi huo ukaondolewa. Hoja ile ya kwamba mwanamke yuko nyumbani hata hivyo twaisikia hata huku kwetu, tena wakati mwingine kutoka vinywani mwa viongozi wa jumuiya.

Wengine wataniambia kwamba fedha zitaua upendo, na kwamba mtoto hapaswi kulipwa kwa kumtunza mzazi. Nami nakubali kwamba upendo haununuliwi. Lakini posho si bei ya upendo. Ni sabuni, ni chakula, ni kibarua wa kuchimba ngoro mahali pa yule asiyeweza kutoka. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake Laborem Exercens wa 1981, alitaja ruzuku kwa akina mama wanaojitoa kabisa kwa ajili ya familia zao kuwa njia mojawapo ya kutenda haki. Wengine wanaogopa udanganyifu, kwamba ndugu watagombania mgonjwa kwa sababu ya fedha. Hofu hiyo ina msingi, na dawa yake ni kuwaandikisha mbele ya majirani, ambao wanajua vizuri ni nani anayeamka usiku.

Kwa hiyo tuiombe Serikali, kwa heshima lakini bila woga, mambo manne. Kwanza, kila Serikali ya Kijiji, kupitia kamati yake ya huduma za jamii, ifungue daftari la wanaouguza nyumbani, lithibitishwe katika Mkutano Mkuu wa Kijiji. Pili, walioandikwa humo wasamehewe kazi za kujitolea za kijiji na michango kwa muda wote wanaouguza. Tatu, Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa kuandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 nchini kote. Wahudumu hao waagizwe kuzitembelea nyumba zenye wagonjwa wa kitandani na kuwafundisha wanaouguza namna ya kumwinua mgonjwa, kuzuia vidonda na kujikinga na maambukizo. Nne, sera ya taifa imtamke anayeuguza kwa jina na kumwekea posho yake. Mambo mawili ya kwanza hayahitaji shilingi kutoka Dodoma. Yanaweza kuanza katika mkutano ujao wa kijiji, na wengi wetu tu wajumbe wa mikutano hiyo.

Lakini tusiidai Serikali dinari ambazo sisi wenyewe twazificha. Jumuiya zetu ndogo ndogo humtembelea mgonjwa, humwombea, humletea Komunyo, kisha huondoka bila kumwuliza aliyeketi kando yake alilala saa ngapi. Nashauri kila jumuiya iwape hao siku moja ya mapumziko katika juma: wawili wabaki na mgonjwa, ili mwenye nyumba aende shambani, sokoni au Misani. WAWATA na UWAKA washirikiane katika zamu hizo, na wanaume wasikwepe kwa kisingizio cha mila, maana yule aliyemwosha majeruhi kwa mafuta na divai alikuwa mwanamume. Na wakati wa msimu wa ngoro, jumuiya ilime kwanza shamba la anayeuguza. Halmashauri ya Walei ya kila parokia ipokee taarifa ya jambo hili kama inavyopokea taarifa ya zaka.

Msamaria aliahidi kurudi. Mwenye nyumba ya wageni aliendelea na kazi yake kwa sababu aliiamini ahadi hiyo. Katika vijiji vyetu wapo waliokwisha kungoja miaka kumi, na wengine zaidi, na hawajaona mtu akirudi kuuliza gharama imefika wapi. Twende tukaulize, tuyaandike majibu yao, na tuyapeleke panapohusika.