Na aliyemwajiri kocha je?

Mwandishi, katika makala yako kocha umemchambua vizuri, lakini mkurugenzi wa michezo umempitia juu juu. Katika mpira wa kikapu wa vyuo vya Marekani, yeye ndiye anayemsaka kocha, anayejadili mkataba na anayewakabili wafadhili timu inapofungwa.

Tazama Chuo Kikuu cha Duke. Mwaka 1980 mkurugenzi Tom Butters alimwajiri Mike Krzyzewski, kocha wa miaka 33 kutoka Army, timu ya chuo cha kijeshi, ambako msimu wake wa mwisho alishinda mechi 9 tu na kupoteza 17. Misimu mitatu ya kwanza pale Duke alishinda 38, akapoteza 47. Wengi walitaka afukuzwe. Januari 1984, Butters akamwongezea mkataba!

Haikuwa bahati nasibu. Vijana waliosajiliwa mwaka 1982, akina Johnny Dawkins na Mark Alarie, walikuwa bado wanakomaa, na Butters alijua kazi hiyo inataka muda. Mwaka 1986 vijana haohao waliifikisha Duke fainali ya taifa. Baadaye yakaja mataji matano, la kwanza 1991 na la mwisho 2015.

Siku hizi kumwondoa kocha kabla ya mkataba kwisha kunaweza kugharimu mamilioni ya dola. Kwa hiyo chuo kinapomfukuza kocha, kimhoji na aliyemchagua: aliona nini kwake, alimpa wachezaji na muda wa kutosha, na kwa nini aaminiwe kuchagua mwingine?