Mwenye kreni huhesabu kila saa, mpiga rangi hahesabu hata moja

Maonyesho ya mitambo ya ujenzi ya Bauma hufanyika Munich, Ujerumani, kila baada ya miaka mitatu. Yale ya Aprili 2025 yalijaa kreni, ambazo wengi wetu huziita winchi, zenye bei ya mamilioni ya euro. Hapo hapo watengenezaji huwa na duka, na ndani yake kreni ile ile inauzwa ikiwa imepunguzwa mara 50. Wanunuzi ni watu wazima, si watoto.

Ndugu msomaji, usiharakishe kufungua ukurasa mwingine. Kreni kubwa na kreni hizi ndogo za mfano zinatuonyesha namna mbili za kuhesabu gharama, na mkulima wetu kwa kawaida anatumia ile inayoumiza.

Tuanze na kubwa. Mwaka 2007 kampuni ya Liebherr, yenye kiwanda cha kreni mjini Ehingen, ilitoa mtambo uitwao LTM 11200-9.1. Unatembea barabarani kwa ekseli 9, mkono wake unarefuka hadi mita 100, na uwezo wake wa juu ni tani 1,200. Tarakimu hiyo ya mwisho isikudanganye. Tani hizo zinawezekana mkono ukiwa mfupi na mzigo ukiwa karibu kabisa na kreni. Mzigo ukisogea mbali, uwezo unaporomoka. Ili mtambo usipinduke, nyuma huwekwa vyuma vya uzito vinavyoweza kufika tani 202, navyo hufuata kwa malori.

Kwa hiyo anayekodi kreni ya namna hii halipi saa za kunyanyua peke yake. Analipa malori, waendeshaji, vibali vya barabara, muda wa kuifunga na muda wa kuifungua. Riba ya benki haisubiri kreni ipate kazi, na mwenye mali analijua hilo. Kila saa lazima iwe na wa kuilipia.

Waingereza wamekwenda mbali zaidi, wakatenganisha mikataba miwili. Katika mkataba wa kwanza mteja anakodi kreni na mwendeshaji wake, lakini mpango wa kunyanyua na hatari yake vinabaki kwa mteja. Katika wa pili kampuni ya kreni inaiuza kazi nzima, ikipanga, ikisimamia na kubeba lawama mambo yakiharibika. Mkataba wa pili ni ghali zaidi kwa sababu hatari nayo ina bei. Mfanyabiashara wa mahindi atautambua mchezo huu mara moja: ni tofauti ya kuuza gunia shambani na kulifikisha ghalani kwa mnunuzi likiwa kavu.

Hapa kwetu Afrika Mashariki mfano mzuri ni mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana, Kenya. Mitambo yake 365, kila mmoja wa kilowati 850, ilisimamishwa katika jangwa la Marsabit, na umeme ukaanza kuingia gridi ya taifa mwaka 2018. Kabla ya kunyanyua chochote ilibidi barabara ya kilomita zipatazo 208 kutoka Laisamis itengenezwe. Gharama ya kunyanyua ilianzia kwenye changarawe.

Kuhesabu vizuri, hata hivyo, hakumkingi mtu na soko baya. Tadano ya Japani ilinunua biashara ya kreni za Demag kutoka Terex ya Marekani Julai 2019 kwa dola milioni 215. Oktoba 2020 kampuni zake za Ujerumani zilikuwa mahakamani zikiomba kinga dhidi ya wadai. Zilitoka salama mwaka 2021, lakini somo lilikuwa chungu.

Sasa tushuke kwenye ndogo. NZG ya Nürnberg, ambayo jina lake linatokana na kazi ya kumimina zinki kwenye kalibu, ilitengeneza LTM 11200 kwa kipimo cha 1 kwa 50. Piga hesabu: mkono wa mita 100 unakuwa mita 2, mrefu kuliko msomaji wangu. Kalibu ni ghali sana kuitengeneza, na zinki ya kumimina ni rahisi. Ndiyo maana kiwanda hutoa kreni moja kwa rangi nyingi, kila kampuni ya kukodisha na rangi yake. Mammoet ya Uholanzi, kwa mfano, huuza modeli zenye rangi zake nyekundu na nyeusi.

Kampuni ndogo isiyo na modeli yake ndiyo inayomletea kazi fundi wa nyumbani. Yeye hununua modeli ya kawaida, akaifungua vipande vipande, akaondoa rangi ya kiwandani, akapiga msasa, praima na rangi mpya kwa kompresa. Kisha hubandika stika zenye jina la kampuni, hubadilisha nyuzi za ndoano na kuongeza vioo, ngazi na minyororo. Kazi inapendeza sana. (Akiuza kwa watu, nembo ni mali ya mwenye kampuni na ruhusa inahitajika. Wengi hulisahau hilo.)

Tuseme modeli imenunuliwa kwa euro 400, rangi na vipuri euro 100, ikauzwa euro 800. Fundi anasema amepata faida ya euro 300. Lakini kama alitumia saa 60, amejilipa euro 5 kwa saa, wakati kima cha chini cha mshahara Ujerumani mwaka 2025 kilikuwa euro 12.82. Angeajiri mtu kwa kazi ile ile, angepata hasara.

Yeye ana udhuru, kwani ni burudani yake ya jioni. Mkulima hana udhuru huo. Tuseme ekari moja ya mahindi imetoa magunia 10 yaliyouzwa Sh 60,000 kila moja, na mbegu, mbolea na usafiri vimekula Sh 350,000. Nyumbani watasema faida ni Sh 250,000. Ongeza siku 60 za mama, baba na watoto kwa Sh 5,000 kwa siku, na shamba lina hasara ya Sh 50,000. Fedha iliyoonekana mkononi ilikuwa ujira wao wenyewe, tena pungufu.

Wapo wanaopinga kwamba nguvu ya nyumbani haina bei kwa kuwa hakuna kazi nyingine ya kufanya. Ni hoja yenye ukweli nusu. Kiangazi, vibarua wakiwa hawatafutwi na mtu, siku ya mkulima inaweza kuandikwa kwa bei ndogo sana. Lakini wiki ya palizi, jirani anapolipa vibarua kwa fedha taslimu na bado hawapati, bei ya siku yako ni ile anayolipa jirani. Iandike daftarini hiyo hiyo, jioni ile ile.