Mpangaji na bustani ya viroba: haki zake na mipaka yake

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, leo tumekusudia kuzungumzia jambo ambalo baadhi ya watu wataliona dogo, nalo ni kiroba cha mboga katika uwanja wa nyumba ya kupanga. Tunalizungumza kwa sababu ndani yake mna haki za watu: haki ya mtoto juu ya mzazi wake, haki ya mwenye nyumba, haki ya jirani, na haki ya mpangaji mwenyewe.

Tuuchukue mji wa Ubaruku, wilayani Mbarali katika Mkoa wa Mbeya. Mji huu umo katika Bonde la Usangu, jirani na shamba kubwa la mpunga lililojengwa miaka ya 1970 kwa msaada wa China. Mpunga ndio uliowaleta wengi hapo: vibarua wa kupandikiza na kuvuna, wafanyabiashara, mafundi wa mashine za kukoboa na madereva. Wengi wao hawana kiwanja. Wanaishi chumba kimoja au viwili katika nyumba yenye familia kadhaa, na uwanja ni mmoja kwa wote. Mchele wanao. Mboga wanainunua fungu kwa fungu, na siku ambayo fedha ni chache kinachoachwa kwanza ni hilo fungu la mboga. Mtoto anashiba wali, lakini sahani yake ni nyeupe tupu.

Wala tusidhani kwamba anayelala karibu na ghala amesalimika. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 katika kila 100 walio chini ya umri wa miaka mitano nchini Tanzania wamedumaa. Katika Mkoa wa Iringa, ambao ni miongoni mwa mikoa inayolisha taifa, idadi hiyo ilikuwa karibu 57 katika kila 100. Udumavu una sababu nyingi, zikiwemo maradhi, maji machafu na lishe ya mama mjamzito, na hatusemi kwamba kiroba cha mchicha kitayaondoa yote hayo. Tunachosema ni kwamba mlo wa wanga mtupu ni mojawapo ya sababu hizo, na huo umo katika uwezo wa mzazi kuurekebisha.

Hapa ndipo tunapoisikia hoja iliyozoeleka: "Nyumba si yangu, nipande mboga za nini? Leo nipo, kesho mwenye nyumba atataka chumba chake." Kauli hii ina nusu ya ukweli. Wanazuoni wetu, katika mlango wa ijara, wamelijadili kwa urefu suala la mtu aliyekodi ardhi kisha akapanda ndani yake: muda ukiisha, mimea ing'olewe, au ibakie kwa malipo? Ugumu wote wa suala hilo unatokana na mizizi kuingia katika ardhi ya mtu mwingine. Kiroba kinauondoa ugumu huo. Udongo ni wako, mbolea ni yako na mmea ni wako. Siku ya kuhama unakipakia kwenye mkokoteni pamoja na kitanda chako. Ulichotumia kwa mwenye nyumba ni nafasi tu. Basi udhuru huo hausimami.

Tena Mtume (S.A.W.), katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ametufundisha kuwa anachopanda Muislamu, kikaliwa na mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Hakushurutisha kwamba mpandaji awe na hati ya kiwanja.

Kazi yenyewe si ngumu, na Ubaruku ina kila kinachohitajika. Viroba vilivyokwisha kazi ya kubebea mchele vipo tele, na pumba za mpunga zimerundikana nyuma ya mashine za kukoboa. Changanya sehemu mbili za udongo mzuri na sehemu moja ya samadi iliyooza vizuri, kisha ongeza pumba zilizooza au zilizochomwa zikawa nyeusi, ili udongo usishikamane. Katikati ya kiroba simamisha kopo lililotobolewa pande zote mbili, lijaze kokoto, jaza udongo pembeni, kisha livute juu na kurudia mpaka kiroba kijae. Nguzo hiyo ya kokoto ndiyo njia ya maji kufika chini. Juu panda chainizi au sukuma wiki; ubavuni toboa matundu upachike miche mingine. Mchicha huvunwa baada ya wiki tatu au nne, na sukuma wiki ikichumwa majani ya chini huendelea kuzaa kwa miezi. Nyanya na bilinganya zinatosheka na ndoo kuukuu ya lita 20 iliyotobolewa chini.

Jambo hili limekwisha kujaribiwa penye dhiki kubwa kuliko ya Ubaruku. Mwaka 2008, baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi nchini Kenya, familia za Kibera jijini Nairobi, mahali ambapo hakuna hata hatua tano za ardhi tupu, zilisaidiwa kulima sukuma wiki na spinachi katika magunia milangoni mwao, na kilimo hicho kikaenea.

Hata hivyo, haki ya kupanda ina mipaka, na kanuni ya sheria yetu inajulikana: hakuna kudhuru wala kudhuriana. Kwanza, omba idhini ya mwenye nyumba kabla, wala usiufanye ukimya wake kuwa ruhusa. Pili, usiegemeze kiroba ukutani. Unyevu hula tofali, na hasara hiyo iko juu yako. Tatu, usiache maji yatuame kwenye sahani na makopo, kwani hayo ni mazalio ya mbu, na mbu hachagui chumba. Nne, na hili ni zito, usipande chakula katika dumu au ndoo iliyokuwa na dawa ya magugu au ya wadudu wa mpunga, hata ukiiosha mara saba. Sumu hiyo haitoki kwa kuoshwa nyumbani.

Jambo la tano ni maji. Bonde la Usangu ndilo linaloulisha Mto Ruaha Mkuu, ambao tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka nyakati za kiangazi huko chini katika hifadhi ya taifa. Isitoshe, katika nyumba ya wapangaji wengi ankara ya maji ni ya wote. Hivyo usifungulie bomba la wenzako kunyweshea mboga zako. Yatumie maji yaliyooshea mchele, na kinga beseni unapotawadha. Maji yaliyotumika katika udhu, kwa madhehebu ya Shafii, hayafai tena kutawadhia, lakini ni tohara, na mmea utayapokea. Vivyo hivyo samadi: wanazuoni wa madhehebu hayo wanaihesabu kuwa najisi, lakini wameruhusu itumike shambani, na zao lake ni tohara. Osha tu kilichoguswa nayo.

Nanyi wenye nyumba, tunawanasihi. Mkataba wa kupanga unampa mpangaji manufaa ya makazi, na kumpatia mtoto mboga ni katika makazi. Mkihofia ukuta, waonyesheni wapangaji mahali pa kuweka viroba. Msipandishe kodi kwa sababu mmeona majani mabichi mlangoni mwa mtu. Huko ni kumtoza mtu jasho lake.

Kwa wapangaji wenzake, hukumu ni nyepesi kutamka na nzito kutenda: usichume usichopanda ila kwa idhini, na mfungie kuku wako. Naye mwenye bustani akumbuke kuwa harufu ya mboga inaingia chumba cha pili. Mtume (S.A.W.) alimuusia Abu Dharr (R.A.) aongeze maji katika mchuzi ili jirani apate. Mboga za majani, katika madhehebu ya Shafii, hazina zaka. Zaka iko katika mpunga na mfano wake ukifikia kiwango. Lakini mlango wa sadaka haukufungwa, na konzi ya mchicha kwa mama wa chumba cha pili aliyejifungua juzi ni katika sadaka zilizo bora.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atubarikie riziki zetu, awakuze watoto wetu katika afya na twaa, na atujaalie tuwe majirani wema. Wabillahi Tawfiq.