Klachi ikizingua, usikimbilie kufungua injini!

Wiki hii naongea na vijana wa bodaboda, hasa wa huku kwetu Usambara tunaoishi kwa kupanda na kushuka. Ninyi wa tambarare someni tu, klachi haina kabila.

Barabara zetu ni za kuulia klachi, huo ndio ukweli. Toka Mombo hadi Lushoto ni kilomita kama 33 za lami, kona mwanzo mwisho, na unapanda karibu kilomita nzima kwenda juu. Kuja Mlalo kupitia Magamba, milima bado inakusubiri. Hapo weka na mishikaki, gunia la viazi juu yake, halafu uone kama chombo hakitalia.

Juzi mshikaji mmoja hapa Mlalo alinijia kanuna. Pikipiki yake ni ya mkataba: kila siku anapeleka hesabu kwa bosi, akimaliza muda inakuwa mali yake. Amebakiza miezi miwili tu! Ghafla chombo kikaanza kunguruma bila kwenda. Fundi akamwambia pleti zote zimekwisha, alete mkwanja. Na mkwanja pekee aliokuwa nao ni hesabu ya bosi ya siku tatu.

"Kaka, nikila hesabu bosi ananyang'anya chombo," akaniambia.

"Tulia kwanza dogo. Waya umeucheki?"

"Waya uko fresh, nimeukaza mwenyewe juzi."

Nikajua pa kuanzia. Ndani ya klachi kuna pleti zinazobanwa na springi ili nguvu ya injini ifike kwenye giaboksi. Ukivuta mkono, waya unaziachanisha. Ukiukaza waya kupita kiasi, ni kama vile mkono umevutwa kidogo muda wote: pleti hazibanani, zinateleza. Tukalegeza nati mpaka mkono ukawa na mchezo wa milimita 2 hadi 3 pale unapoanzia. Dogo akapiga kiki, mlima wa kwanza akaumaliza anapiga miluzi. Hesabu ya bosi ikabaki mfukoni. Angeendelea hivyo hivyo mwezi mzima, pleti zingeungua kweli na fundi angekuwa amesema kweli.

Sasa shika haya. Magonjwa makubwa ya klachi ni mawili. La kwanza ni kuteleza: injini inapiga resi, mwendo hauongezeki, hasa ukiwa mlimani na gia kubwa. La pili ni kung'ang'ania: umevuta mkono wote lakini chombo kinataka kwenda, gia zinagonga, frii haipatikani.

Kwanza anza na waya. Ukibana mno unaleta la kwanza, ukilegea mno unaleta la pili. Tazama kama nyuzi zimeanza kukatika, upake oili. Ukiwa umechoka, nunua mwingine, ni nafuu mno kuliko pleti.

Pili, oili. Bodaboda nyingi klachi yake inaogelea kwenye oili ileile ya injini. Baadhi ya oili za magari zina dawa ya kupunguza msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano! Tafuta kopo lililoandikwa JASO MA. Ukiimwaga oili na inanuka kuungua, ujue pleti zina hali mbaya.

Tatu ndipo ufungue. Fundi apime unene wa pleti na urefu wa springi, siyo kukisia kwa macho. Pleti mpya ziloweshwe oili kabla ya kufungwa. Na za zamani akukabidhi mkononi, usije ukaingizwa mjini.

Lakini nina la moyoni. Wako masela wanaoshuka mlima wamebana klachi au wameweka frii, eti wanaokoa mafuta. Ukifanya hivyo injini haikushiki tena, breki inabeba mzigo wote peke yake, inapata moto na kulegea. Nyuma yako kakaa mama mjamzito anayewahi hospitali, mbele kuna kona na korongo. Mafuta ya shilingi mia ngapi hayo mpaka uweke rehani roho mbili, na yako ya tatu? Shuka na gia ile ambayo ungepandia, mkono wa klachi uachie.

Haya, nikutakie wiki njema yenye abiria wanaolipa bila kuomba punguzo. Na ukiona abiria wako kafumba macho kwenye kona, usidhani kasinzia. Anaiombea klachi yako!

Tukutane wiki ijayo.